Kabla ya kumwaga saruji bafuni, kagua miti iliyo chini

Masoko ya tumbaku yanapofunguliwa mkoani Tabora, fedha ya mwaka mzima huingia kwa mkupuo, na mipango ya nyumba iliyolala tangu masika huamka. Bati hutangulia, kisha milango, kisha lipu ya ukuta. Zamu ya bafu na choo hufika mwisho, na ikifika huwa na haraka. Fundi anaitwa, mifuko miwili ya saruji inashushwa, mchanga unaletwa kwa mkokoteni, na kabla ya jua kuzama ile sakafu ya udongo iliyokuwa ikiteleza na kunuka imekuwa sakafu ya saruji iliyopigwa niru. Mwenye nyumba anafurahi, na ana haki ya kufurahi.

Tatizo liko chini. Katika vijiji vingi vya Urambo, Sikonge, Uyui na Kaliua, na katika miji midogo iliyo kando ya reli ya kati kuelekea Kigoma, bafu na choo ni chumba kimoja, na chumba hicho kimejengwa juu ya shimo lililofunikwa kwa magogo. Juu ya magogo kuna fito na majani, kisha udongo ulioshindiliwa. Saruji ikimwagwa hapo inaficha magogo, haiyaimarishi. Masika mawili au matatu yakipita, sakafu inapata ufa, ufa unapitisha maji, na mti ulioanza kuoza unaendelea kuoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Hasara ndogo ni saruji iliyopotea. Hasara kubwa ni sakafu kutitia ikiwa na mtu juu yake, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto au mzee.

Kwa hiyo makala haya hayatakueleza jinsi ya kupiga niru. Mafundi wetu wanaijua kazi hiyo kuliko mwandishi. Yanahusu kile kinachotakiwa kufanyika kabla fundi hajafungua mfuko wa kwanza.

Ufundi wa tembe

Kulaza miti sambamba na kuifunika kwa udongo si ujenzi wa kubahatisha. Ni ndugu wa ufundi wa zamani wa tembe, nyumba ya kuta za udongo yenye paa bapa la miti, fito na udongo. Msafiri aliyetoka Bagamoyo katika karne ya 19, akapita Mpwapwa, akavuka Ugogo hadi Unyanyembe, kisha akaendelea Uvinza na Ujiji, alizikuta nyumba za aina hiyo njiani. Nyumba ya Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872, ni tembe, na hadi leo imehifadhiwa kama makumbusho. Anayetaka kuona jinsi miti inavyobeba udongo aende pale atazame juu.

Lakini paa la tembe na sakafu ya bafu havina maisha sawa. Paa hunyeshewa masika, kisha jua la kiangazi hulikausha kwa miezi. Sakafu ya bafu hunyeshewa kila asubuhi na kila jioni mwaka mzima, haioni jua, na chini yake kuna joto na mvuke wa shimo. Mti ule ule ambao darini ungedumu miaka mingi, bafuni hudumu michache. Na tembe lenyewe lilihitaji kuongezwa udongo na kubadilishiwa miti kila mara, jambo ambalo wenye nyumba walilikubali kama sehemu ya kazi za mwaka. Sisi tukishaweka saruji tunadhani tumemaliza.

Mzigo ambao hauonekani

Tufanye hesabu kidogo. Chukua sakafu ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Udongo ulioshindiliwa kwa unene wa sentimita 20 juu ya sakafu hiyo unakaribia robo tatu ya tani. Ukiongeza saruji na mchanga kwa unene wa sentimita 5, umeongeza kilo zipatazo 270, yaani zaidi ya mifuko mitano ya saruji iliyolala hapo usiku na mchana. Mtu mzima anayeingia kuoga na ndoo yake ni kilo 80 au 90 tu. Anayeivunja sakafu si mtu huyo. Yeye huongeza kidogo juu ya mzigo uliokuwepo.

Sasa tazama upande wa mti. Nguvu ya gogo la duara haipungui sawasawa na unene wake, bali hupungua kwa kasi zaidi. Gogo la sentimita 10 likiliwa na mchwa au kuoza sentimita 2 kuzunguka pande zote, linabaki na kiini cha sentimita 6. Kwa macho mtu ataona zaidi ya nusu imebaki. Kwa nguvu ya kubeba, imebaki kama sehemu moja ya tano. Kinyume chake, gogo la sentimita 15 lina nguvu zaidi ya mara tatu ya gogo la sentimita 10 la mti huo huo. Ndiyo maana ninamshauri mkulima anunue magogo manne manene badala ya manane membamba, hata kama jumla ya bei inalingana.

Urefu nao una kauli yake. Watu wa pwani walilijua hili zamani. Katika nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizopatikana, na vyumba vikawa vyembamba na virefu. Hawakulazimisha boriti ivuke mahali isipoweza. Shimo la choo linapaswa kufuata kanuni hiyo. Shimo jembamba ni rafiki wa miti, na shimo pana ni adui yake hata miti iwe mizuri kiasi gani.

Kukagua

Kazi ya kwanza ni kuondoa udongo wa juu, angalau kuzunguka kingo zote na kuzunguka tundu. Mafundi wengi hawaipendi hatua hii kwa sababu inanuka, inachukua nusu siku na hailipwi. Ilipe. Mpatie fundi ujira wa siku ya kukagua kando na ujira wa kusakafu, maana fundi anayelipwa kwa kumwaga saruji tu atakuambia kila kitu kiko sawa.

Kabla ya kuanza, laza mbao mbili ndefu zinazovuka shimo zima na kukaa kwenye ardhi ngumu pande zote mbili, na fundi asimame juu ya hizo, asisimame juu ya magogo anayoyachunguza. Watoto wawe mbali. Mtu asiingie ndani ya shimo kwa sababu yoyote, kwani hewa ya humo inaweza kumzimisha kabla hajapiga kelele.

Mahali pa kutazama kwanza ni miisho ya magogo, pale yanapolala kwenye udongo wa ukingo. Katikati ya shimo mti hupata hewa kutoka chini. Kwenye ukingo umezikwa, umelowa, na mchwa wanaufikia bila kujenga kichuguu. Chukua bisibisi au msumari wa inchi 6, bonyeza kwa nguvu ya mkono. Ukiingia sentimita moja au zaidi bila kugongwa, gogo hilo limekwisha. Ukikwama, gonga kwa nyundo na usikilize: mti mzima hulia, mti ulioliwa ndani hutoa sauti ya debe tupu. Tazama pia kama gogo limepinda katikati. Gogo lililopinda limeshakuambia kwamba mzigo umelizidi.

Ikiwa gogo moja tu kati ya matano limeoza, usilibadilishe hilo moja ukaacha mengine. Yalikatwa siku moja, yakalazwa siku moja, yamelowa maji yale yale. Mengine yanafuata.

Ukiwa umefungua, kagua na ukingo wenyewe. Katika maeneo yenye udongo wa kichanga, ambao Tabora tunao kwa wingi, ukingo hubomoka polepole na kuanguka shimoni, na magogo yaliyokuwa yamelala nusu mita kwenye ardhi ngumu yanajikuta yameshika sentimita 15 tu. Hapo hata mti mpya hausaidii. Ukingo ujengwe kwanza kwa mawe au tofali za kuchoma, na magogo yalale juu ya tofali, yasilale juu ya udongo. Tofali hizo zina faida mbili: zinazuia ukingo kumeguka, na zinamtenga mchwa na mti kiasi kwamba akipanda utaona njia yake ya udongo.

Pima shimo kabla ya kupima sakafu

Hapa ndipo uchumi unapoingia, na ni hatua ambayo watu wengi huiruka. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe kupitia tundu hadi liguse, kisha pima kamba. Umejua kina kilichobaki.

Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa usafi ni kwamba kila mtu hujaza kati ya lita 40 na 60 kwa mwaka katika shimo la kawaida. Familia ya watu sita inajaza takriban lita 300. Katika shimo la mita moja kwa mita moja hizo ni sentimita 30 kila mwaka. Shimo hufungwa likibakiza nusu mita. Kwa hiyo kamba yako ikionyesha mita moja na nusu, una mita moja ya kutumia, yaani miaka mitatu na kidogo. Ukitupa humo takataka na magunzi ya mahindi, ni pungufu ya hapo.

Sasa jiulize: kuna sababu gani ya kumwaga sakafu ya saruji ya miaka 15 juu ya shimo la miaka mitatu? Sakafu iliyomwagwa papo hapo haihami. Shimo likijaa, saruji, mchanga na ujira vyote vinafukiwa pamoja nalo. Umri wa bafu lako ni umri wa kile kinachokufa mapema, kati ya mti, saruji na shimo.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei za duka, kwa kuwa bei hubadilika kutoka Tabora mjini hadi Usinge. Tuseme sakafu ya haraka juu ya magogo ya zamani inakugharimu shilingi 60,000 na inadumu miaka mitatu. Hiyo ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Tuseme bamba la saruji lililofinyangwa pembeni, pamoja na ukingo wa tofali, ni shilingi 180,000, nalo linadumu miaka 15 kwa kuhamishwa kutoka shimo hadi shimo. Ukiongeza shilingi 30,000 za kazi ya kulihamisha kila shimo linapojaa, mara mbili katika kipindi hicho, jumla ni 240,000, sawa na shilingi 16,000 kwa mwaka. Ghali ni ile iliyoonekana rahisi. Weka bei za kwenu, fanya hesabu hiyo hiyo kwenye karatasi, uone.

Najua jibu la mkulima: shilingi 180,000 za leo hazifanani na 180,000 zilizogawanywa kwa miaka 15, na ada ya shule haisubiri. Ni kweli. Ndiyo sababu kuna njia ya katikati, nitaieleza hapa chini.

Tenga maji ya kuoga

Kama una fedha ya jambo moja tu msimu huu, iwe hili: usiogee juu ya shimo. Ndoo moja ya lita 20 kwa kila mtu, mara mbili kwa siku, kwa watu sita, ni lita 240 zinazopita juu ya magogo kila siku. Hakuna mti wa bei ya mkulima unaovumilia hayo kwa muda mrefu.

Chumba hicho hicho kinaweza kubaki na ukuta mmoja na mlango mmoja. Ongeza upande mmoja mita moja na nusu ya sakafu juu ya ardhi ngumu, mbali na ukingo wa shimo. Chimba sentimita 20, jaza mawe au kifusi cha tofali za kuchoma, shindilia, kisha mwaga zege la sentimita 5 na kulinyoosha kwa pima maji, likiteremka sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje. Maji yatoke kwa bomba au mfereji hadi kwenye shimo dogo lililojazwa mawe, au yaende kwenye migomba. Mgomba haukatai maji ya sabuni ya kawaida. Hapo mti hauhitajiki kabisa, na sakafu ya bafu inaweza kudumu kwa sababu chini yake kuna dunia.

Upande wa choo sasa unabaki na maji kidogo tu ya kunawia na kuoshea, na magogo yanapata nafuu.

Mti gani?

Katika miombo yetu si kila mti mgumu unadumu. Kiini cha mninga na cha mkora, ule ambao pwani ya Kenya huitwa mbambakofi, huhimili mchwa na unyevu vizuri. Mpingo nao hivyo hivyo. Lakini tazama neno kiini. Sehemu nyeupe ya nje ya miti hiyo hiyo huliwa kama mti mwingine wowote, na gogo changa la mninga ni jeupe kwa sehemu kubwa. Kadiri misitu inavyosogea mbali na vijiji kwa ajili ya mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku, miti inayopatikana karibu ni michanga. Mtu anasema amelaza mninga, kumbe amelaza nyeupe ya mninga.

Isitoshe, mti wa asili unavunwa kwa kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ipo, na gogo la mninga lisilo na karatasi linaweza kukugharimu zaidi ya choo kizima. Kwa macho ya mchumi, kulaza mninga chini ya choo ilhali fundi seremala angeulipia vizuri kwa ajili ya kitanda ni kuitumia mali vibaya.

Mkalitusi uliopandwa na wakulima wengi wa tumbaku unanyooka vizuri na unapatikana, ila mbichi na bila dawa mchwa anaupenda mno. Ukiutumia, chagua mnene, menya magamba yote kwa kuwa wadudu hujificha humo, uanike kivulini hadi ukauke kabisa, kisha upake oili chafu mara kadhaa, hasa kwenye miisho. Upake ukiwa nje na uuache ukauke; oili isimwagwe ardhini wala shimoni, kwani visima vingi vya vijijini ni vifupi. Nguzo zilizotiwa dawa kiwandani ni bora zaidi kama unazipata kwa muuzaji halali. Vipande vyake visipikiwe chakula. Moshi wake ni sumu.

Njia ya katikati

Mwishoni mwa miaka ya 1970, nchini Msumbiji, msanifu majengo Msweden Björn Brandberg alianza kutengeneza mabamba ya saruji kwa ajili ya vyoo vya watu wenye kipato kidogo. Moja lilikuwa la duara lenye mgongo kama sufuria iliyofunikwa, upana wa mita moja na nusu, lisilohitaji nondo kwa sababu umbo lenyewe hubeba mzigo. Jingine, lililopewa jina la SanPlat, ni dogo, sentimita 60 kwa 60, lenye tundu, mfuniko na mahali pa kuweka miguu. Hili la pili halikukusudiwa kuchukua nafasi ya magogo. Lilikusudiwa kulazwa juu yake.

Linatufaa sana. Uzito wake ni kama kilo 40, badala ya zile 270 za sakafu nzima. Magogo yakiwa mazima, au yakiwa mapya juu ya ukingo wa tofali, punguza udongo wa juu hadi sentimita chache, tandika nailoni ngumu juu ya fito ikiteremka kuelekea tundu, kisha laza bamba na uzungushie udongo wa kichuguu ulioshindiliwa. Sehemu inayolowa na kuchafuka inasafishika, ambalo ndilo sharti kubwa la choo bora, na gharama ni sehemu ya mfuko mmoja wa saruji. Shimo likijaa, watu wawili wanalibeba bamba. Bakuli za plastiki zenye kifuniko kinachojifunga, ambazo wengi wanaziita SATO, hufanya kazi hiyo hiyo zikiwa nyepesi zaidi, lakini nazo zinadanganya vile vile kama mti wa chini umeoza.

Mwenye nyumba ya kupangisha au ya wageni asiishie hapo. Choo kinachotumiwa na wapangaji wengi, ambao hakuna hata mmoja atakayekuja kukuambia kwamba sakafu imelegea, hakifai kuwa na mti chini hata kidogo. Atengeneze bamba la nondo lenye unene wa kama sentimita 8, au lile la mgongo, lifinyangwe chini pembeni, limwagiliwe maji na kufunikwa magunia kwa siku saba zisizopungua, lijaribiwe kwa kusimamiwa na watu kadhaa likiwa bado ardhini, ndipo livingirishwe hadi shimoni.

Muda mzuri wa kazi yote hii ni kuanzia Juni hadi Septemba. Udongo umekauka na ukingo haumeguki, magogo yanakauka haraka, mchanga haujalowa, na fedha ya mazao ipo. Novemba mvua zikianza, mafundi nao wanaingia mashambani.

Kwa wanaobaki na magogo: wakati wa kujenga ukuta, acha upande mmoja wa nje tofali moja lisiloshikwa na udongo wala saruji, usawa wa miisho ya magogo. Kila Oktoba, kabla ya mvua, litoe, ingiza bisibisi, bonyeza kila gogo, kisha lirudishe.